Pumua Kushoto

Aliyegundua kwamba mgongo wangu umepinda hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Mutindwa, Umoja, na alikuwa amechoka kulaumiwa. Mathe alikuwa amemrudishia sketi yangu ya shule mara ya tatu, akilalamika kwamba upindo unaning'inia upande mmoja. Fundi akatoa tepu, akanipima kutoka kiunoni hadi gotini, kulia kisha kushoto. Akamtazama Mathe.

"Mama, sketi iko sawa. Ni huyu msichana hayuko sawa."

Nilikuwa na miaka 14.

Hospitalini niliambiwa nisimame miguu pamoja, niiname mbele kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Daktari alisimama nyuma yangu, akaona mbavu za kulia zimeinuka kuliko za kushoto. Eksirei ikasema digrii 26. Kipimo hicho kinaitwa pembe ya Cobb, kwa jina la daktari wa New York aliyekieleza mwaka 1948. Ukifika digrii 10, una skoliosisi. Kiswahili kina neno kibiongo, lakini kibiongo ni mgongo ulioinama mbele. Wangu ulienda kando, na ukajizungusha pia, kama kitambaa unachokikamua.

Mathe aliuliza kama ni mkoba wa vitabu. Hapana. Shosho alisema ni mitungi ya maji niliyobeba kwake likizo. Hapana. Daktari alisema kwa vijana wengi wa umri wangu chanzo hakijulikani, ingawa tatizo hili hurudi rudi katika familia moja. Kinachojulikana ni kwamba mtoto akiendelea kurefuka, mpindo unaweza kurefuka naye. Kwa digrii zangu alipendekeza brasi, ule mkanda mgumu wa plastiki unaovaliwa chini ya nguo karibu siku nzima. Mathe akauliza bei, kisha akauliza kama kuna kitu kingine.

Kulikuwa na mazoezi.

Fizio aliyenifundisha alianza na hadithi ya Katharina Schroth, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1894. Naye alikuwa na mgongo uliopinda na alivalishwa brasi ya chuma akiwa kijana. Aliwaza kuhusu mpira wa kuchezea uliobonyea: ukiujaza hewa, pale palipoingia ndani panatoka. Akaanza kujitazama kwenye vioo na kupeleka pumzi mahali mbavu zake zilipodidimia. Mwaka 1921 alianza kuwatibu wengine kule Meissen.

Ukinisikia unaweza kudhani ni yoga. Si yoga. Unapiga magoti mbele ya kioo na kushika vyuma virefu ukutani; kwetu tulitumia grili ya dirisha. Unajivuta juu, unasukuma nyonga mahali pake, unarekebisha bega. Ukilala, unaweka mfuko mdogo wa mchele chini ya upande uliotokeza. Halafu ukiwa umekaza hivyo, unavuta pumzi na kuipeleka upande uliobonyea tu. Wangu ulikuwa kushoto. "Pumua kushoto," fizio alikuwa akisema, huku ameweka kidole pale mgongoni ili nijue ni wapi. Jaribu sasa hivi. Manze, ni kama kuambiwa utingishe sikio moja.

Lengo halikuwa kuninyoosha niwe kama rula. Lilikuwa kuufundisha mwili wangu ujue umesimama vipi, ili mpindo usiongezeke. Dakika 30 kila siku, mpaka nimalize kurefuka.

Nilifanya miezi mitano.

Kisha nikaenda shule ya bweni. Bwenini hakuna siri. Jioni ya kwanza nilitandika leso kati ya vitanda, nikaanza kupumua, na msichana mmoja akaniuliza kama ninajifungua. Bweni zima likacheka. Nilicheka nao, nikakunja leso, na sikuitandika tena. Mathe alipouliza kwa simu, nilisema, "Nafanya." Nikiwa na miaka 17 eksirei ilisoma 43.

Tangu hapo nimejiita mtu wa kuacha. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama na mimi pia nimekwama. Siku hizi naandika makala za watu kitandani, laptopu mapajani, na kila mgongo unaponiuma nasikia kama ninadaiwa.

Desemba iliyopita mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo kwenye karai. Ana miaka 12. Aliinama kuchukua kijiko, T-shati ikajibana mgongoni, nikaona mbavu za kulia zimeinuka. Niliziona mara moja, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo tu. Eksirei yake ilisema 19. Bado ana miaka ya kurefuka.

Jioni ya kwanza nilimpangia vitu vyote: mkeka, kioo, mfuko wa mchele. Akashika grili, akanitazama kwenye kioo.

"Wewe ulifanya kwa muda gani?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nimeufanyia mazoezi kuliko mgongo.

"Miezi mitano. Halafu nikaacha."

"Ndiyo maana uko hivyo?"

Hilo swali nimelala nalo miaka mingi, kwa hivyo nimesoma. Kuna utafiti mkubwa wa brasi uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa Marekani na Kanada. Asilimia 72 ya vijana waliovaa walimaliza kukua bila kufika digrii 50, mahali ambapo madaktari huanza kuzungumzia upasuaji. Waliovaa saa nyingi zaidi walifaidika zaidi. Lakini kati ya wale waliotazamwa tu bila kuvalishwa kitu, asilimia 48 nao hawakufika huko. Kwa mazoezi peke yake ushahidi ni mchache zaidi. Maana yake hakuna daktari anayeweza kunionyesha ile digrii moja niliyoipoteza kwa kuona haya, wala anayeweza kusema sikuipoteza.

"Sijui," nikamwambia. "Na kutojua ndiko kunaniuma. Wewe usibaki na hilo."

Hakujibu. Alivuta pumzi, mabega yote mawili yakapanda. Nikaweka kidole pale alipobonyea. "Hapa. Pumua kushoto." Mara ya sita au ya saba, ngozi ikasukuma kidole changu kidogo.

Sasa tunafanya wote kila jioni saa kumi na mbili. Mimi nimeshamaliza kukua na mazoezi hayatanirudisha 26, lakini mgongo wangu unachoka kidogo kuliko zamani, na yeye hawezi kuniuliza kwa nini nimekaa. Eksirei yake nyingine ni Agosti. Akifika 25 akiwa bado anakua, tutaambiwa kuhusu brasi, kwa hivyo kila makala ninayolipwa, kitu kidogo kinaenda kando. Fundi wa Mutindwa ameshaambiwa ashone sketi yenye nafasi kiunoni, endapo.

Wiki jana, mwisho wa mwezi, tulikosa mfuko wetu wa mchele. Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Mathe alikuwa jikoni, kimya sana.

"Mlitaka mle nini?" akasema.

Tulikula wali. Kisha tukajaza soksi maharagwe, tukarudi dirishani.