Kutoka Kawangware hadi Toi kusaka rili isiyokwama

Iwapo umewahi kumwona mtoto akipoteza samaki wake wa kwanza, utaelewa ni kwa nini Jumamosi moja asubuhi nilijikuta katika kituo cha matatu za 46 pale Kawangware nikiwa na mpwa wangu wa miaka 13. Mfukoni tulikuwa na shilingi 2,000, nasi tulikuwa tukielekea soko la Toi kutafuta rili.

Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia ili kuachilia na kukunja mshipi. Wengi wetu tulilelewa tukivua kwa kijiti, uzi na ndoana, na mtoni hayo yalitosha. Lakini ziwani samaki wa maana hukaa mbali na ukingo, na huko mkono mtupu haufiki.

Wakati wa likizo ya Agosti tulikuwa tumekwenda Naivasha, tukavua katika ufuo wa umma wa Kamere. Mpwa wangu alikuwa na rili mpya tuliyoinunua kwa shilingi 600 katika kibanda kimoja mjini. Iling'aa kama sufuria ya harusi. Samaki aliponasa, rili ilipaswa kumwachilia mshipi kidogo kidogo ili achoke. Haikuachilia hata shibiri moja, na mshipi ukakatika. Mtoto alipojaribu kuukunja uliosalia, mkono wa rili uling'oka ukabaki kiganjani mwake.

Hakulia. Ila hakusema neno hadi tuliposhuka Kawangware. Pesa zile zilitoka kwa baba yake, ambaye ni kibarua wa mjengo, na mtoto alijua vyema ni mawe mangapi yaliyobebwa ili zipatikane. Safari hii pesa zilikuwa zake mwenyewe. Muhula mzima alikuwa amemsaidia mamake kuuza mayai ya kuchemsha jioni, akaweka akiba ya shilingi 1,500. Mimi niliongeza 500. Kosa la pili halikuwa na nafasi.

Tulipita Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, tukashika Ngong Road na kushukia Adams. Toi iko hapo nyuma tu, ikipakana na Kibera. Ni soko lililoonja mauti likafufuka: liliharibiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008, na mwaka 2019 likateketea tena kwa moto. Kila mara wachuuzi walirudi na misumari na mabati. Wengi hulijua kwa viatu, makoti na mapazia ya mitumba, lakini ukipenya ndani utakuta vibanda vya vitu visivyo na jina moja: raketi za tenisi, viatu vya barafu, kamera za zamani na, ukiwa na bahati, vifaa vya uvuvi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pengine utauliza, kwa nini mitumba? Jibu ni hesabu. Ng'ambo, rili ya bei ya wastani huuzwa takriban dola 50 hadi 100. Kwa familia nyingi za Kawangware hiyo ni kodi ya nyumba. Hata hivyo, ni daraja hilo la wastani ambalo mvuvi wa maji baridi anahitaji. Chini yake unapata gia laini zinazolika upesi na breki isiyosikia. Juu yake unalipia wepesi wa gramu chache na vizibo vya kuzuia maji ya chumvi, mambo ambayo Naivasha au Masinga hayakudai. Kwa hivyo rili ya wastani iliyotumika vizuri ni afadhali kuliko rili mpya ya bei ya peremende. Rahisi ni ghali, na sisi tulikuwa tumeshalipia somo hilo.

Sasa, msomaji, sikiliza namna ya kuichagua, kwani muuzaji hatakufundisha.

Kwanza, tazama ukubwa. Kwa samaki wa kawaida wa maziwa na mabwawa yetu, rili yenye nambari 2500 au 3000 inafaa. Nambari hiyo huchapishwa ubavuni au kwenye bobini. Naam, nimesema bobini, maana chombo hiki ni ndugu wa kiwandani wa cherehani. Mwingereza Alfred Illingworth, aliyetoka katika biashara ya sufu, alipata hataza ya rili ya aina hii mwaka 1905. Bobini yake haizunguki unaporusha. Mshipi huchomoka kupitia ukingoni, kama uzi unavyochomoka kwenye kibiringo. Ndiyo maana hata mtoto anaweza kurusha mbali bila kufunga mafundo.

Pili, zungusha mkono wa rili polepole huku umeikaribisha sikioni. Gia nzima hunong'ona. Gia iliyolika husaga kama jino kwenye mchanga. Kisha ushike mkono huo uutikise. Ukicheza sana, achana nao. Jaribu pia kuuzungusha kinyume wakati kizuizi kimefungwa. Haufai kurudi nyuma.

Tatu, kuna waya uliopinda ambao hufunguliwa kabla ya kurusha. Ufungue na kuufunga mara kumi. Springi yake ikilegea mara moja tu kati ya hizo kumi, itakulegea pia siku samaki atakapokuja. Mwishoni mwa waya huo pana kijigurudumu kidogo ambapo mshipi hupita. Sharti kizunguke. Kikikwama, mshipi hukichonga mfereji, na mfereji nao hukata mshipi. Beba pamba kidogo, uipitishe hapo na kwenye ukingo wa bobini. Pamba ikinasa, pana kovu.

Nne, na hili ndilo kuu, jaribu breki. Ni kile kifuniko cha kukaza, aghalabu kilicho mbele ya bobini. Kikaze nusu, kisha vuta mshipi kwa mkono. Unatakiwa kutoka mfululizo kama maji ya bomba, bila kugutuka. Ukitoka kwa vishindo, kila kishindo ni nafasi ya kukatika. Nyumbani, breki hupangwa iachilie kwa uzito wa kama robo hadi theluthi ya nguvu za mshipi. Ikiwa mshipi wako unabeba kilo 4, ning'iniza pakiti ya sukari ya kilo 1, ukaze breki hadi inyanyue pakiti hiyo lakini iachilie ukiivuta kidogo kwa chini. Hapo umepima kama fundi.

Tano, usibabaishwe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Beringi 4 nzuri zinashinda 12 za ovyo. Jina la kampuni inayojulikana, kama Shimano, Daiwa au Mitchell, lina faida kwa sababu vipuri vyake si haba duniani, lakini lisome herufi kwa herufi. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na herufi moja ikibadilishwa huwezi kuiona ukiwa na pupa.

Katika kibanda cha nne tulikuta rili tatu ndani ya karai, zimelala na vijiko. Mpwa wangu alinyoosha mkono kwa ile ya rangi ya dhahabu, halafu akasita. Akachukua nyeusi iliyochubuka rangi. Aliizungusha sikioni huku amefumba macho, akafungua waya na kuufunga mara kumi akihesabu kwa sauti, akatoa pamba mfukoni. Mchuuzi alicheka akauliza kama mtoto huyu ni daktari. Alianzia shilingi 3,000. Tuliondoka, tukaitwa, tukarudi, na mwishowe tukaelewana kwa 1,800.

Kwa kuwa asubuhi ilikuwa bado mbichi, mtoto aliomba tukatazame maji yaliyo karibu. Tulipitia Makina, mtaa wenye historia ndefu ya Wanubi, uzao wa askari kutoka Sudan waliopewa makao hapa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita. Tukavuka reli, tukateremka Laini Saba hadi Silanga, ukingoni mwa Bwawa la Nairobi.

Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953 kuwapa wakazi wa jiji maji. Watu walikuja pia kujiburudisha, wakiendesha mashua za tanga na kuvua samaki. Leo ukisimama hapo utadhani umefika shambani. Gugu-maji limetanda kijani kibichi. Chini yake ni mto Motoine, ambao hupita Kibera ukibeba taka na maji machafu kabla ya kutokea upande wa pili kwa jina la mto Ngong. Gugu-maji hustawi palipo na mbolea, na maji taka ni mbolea tosha. Tusiwatupie wakazi lawama zote, kwani mtu asiyewekewa bomba la maji taka ataelekeza wapi maji yake?

Mpwa wangu alisimama kimya, rili mkononi. Kisha akauliza, "Mjomba, hapa watu walikuwa wakivua kweli?" Nikamjibu ndiyo. "Na wataanza tena lini?" Hilo sikuwa na jibu lake, na wewe msomaji huenda pia huna. Kilichonichoma ni kwamba kutoka kibandani tulikonunua rili hadi kwenye maji hayo ni mwendo wa miguu tu, ilhali kutoka hapo hadi maji tunayoweza kuvulia ni nauli ya basi hadi Naivasha, na kwa watoto wengi wa Kibera na Kawangware hiyo nauli ndiyo ukuta.

Tuliporejea Kawangware tulijaza mshipi mpya hadi ukabakiza kama milimita 2 kufika ukingo wa bobini. Ukijaza kupita hapo hujimwaga wote kwa pamoja. Ukipunguza sana haufiki mbali. Tukafunga nati mahali pa ndoana, tukaenda kwenye uwanja wa shule kufanya mazoezi ya kurusha. Kufikia magharibi watoto kumi na wawili walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kutupa nati kwenye ndoo iliyowekwa hatua ishirini mbele. Samaki mkunje angali mbichi, na bila shaka mvuvi pia.

Ukipata yako, itunze. Usiilaze mchangani. Ipanguse ukirudi nyumbani, legeza breki kabla ya kuiweka, tia tone la mafuta mepesi kwenye kile kijigurudumu, na mara moja kwa mwaka mpe fundi aipake grisi ndani. Kabla ya kuvua kokote, uliza afisi ya uvuvi ya eneo hilo kuhusu leseni, na ukiwa Naivasha usikae ukingoni jioni, kwa maana kiboko hajui kama umekuja kustarehe.

Ikitunzwa hivyo, rili ya wastani inaweza kudumu miaka 20. Mpwa wangu amekwisha piga hesabu: atakuwa na miaka 33. Anasema atakuwa bado nayo bwawa litakaposafishwa. Rili yake iko tayari. Sasa tunasubiri maji.