Viazi vya Rurambo na Saladi ya Moto ya Wajerumani

Msafiri atokaye Uvira kwenda Rurambo hushika kwanza barabara ya Bukavu. Hupita Kavimvira, kisha Kiliba palipojengwa kiwanda cha sukari, akiwa na uwanda wa Ruzizi mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto. Nyuma yake Ziwa Tanganyika limelala kimya, na ng'ambo yake waonekana mji wa Bujumbura. Halafu huiacha barabara, na miguu ikaanza kazi yake.

Hiyo ndiyo njia tuliyoishika sisi. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, navyo vilele vya Itombwe, vilivyo mbali zaidi ndani ya milima, hupita mita 3,000. Basi mtu apandapo huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Michikichi na miembe hubaki chini pamoja na joto. Juu hukutana na mikaratusi, mashamba ya maharage, ng'ombe malishoni, na baridi ya jioni inayomfanya atafute moto. Huko ndiko viazi ulaya hukubali kuzaa vizuri.

Njiani tulipishana na akina mama wakishuka sokoni. Kila mmoja alibeba mzigo wa viazi mgongoni, kamba yake imepita juu ya paji la uso. Tuliwasalimu, nao wakaitikia bila kuinua kichwa, maana mzigo hauruhusu.

Jioni tulikaribishwa katika nyumba moja ya Wakristo. Mama wa nyumba alikuwa akichagua mavuno yake, akiyagawa mafungu matatu: vikubwa na vizuri upande mmoja, vya kadiri upande wa pili, na vile vidogo au vilivyokatwa na jembe karibu na mlango.

"Mama," tukamwuliza, "mtakula vipi?"

Akaonyesha fungu la mlangoni. "Hivi, baba zangu. Vya kadiri ni mbegu. Vikubwa si vyetu, ni vya kulipa shule ya watoto."

"Na njia ikifungwa?"

"Ikifungwa, vikubwa navyo huchipuka ndani ya nyumba, na sisi tunavitazama."

Jibu hilo lilituingia moyoni. Tangu mwaka 1996 milima hii imeona vita mara nyingi, na mara nyingi watu wameacha mashamba yao na kukimbia. Katika siku kama hizo viazi haviendi sokoni, na wenyeji hula viazi vya kuchemsha asubuhi, viazi vya kuchemsha jioni, mpaka watoto wanasema, "Leo tena viazi?" Usiku ule nao walisema hivyo hivyo. Ndipo tulipoomba ruhusa tuwapikie wenyeji wetu chakula kimoja cha Wajerumani wa kusini, yaani saladi ya viazi inayoliwa ingali na moto.

Wengine watashangaa: Wajerumani wametoka wapi milimani Rurambo? Lakini hawakuwa mbali. Hadi mwaka 1916 ng'ambo ile ya ziwa, pamoja na Bujumbura iliyoitwa Usumbura, ilikuwa chini ya Wajerumani. Tena viazi hivi si mali ya asili ya Wajerumani wala yetu. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Majirani zetu wa Rwanda huviita ibirayi, na wa Burundi ibiraya, majina yanayotukumbusha Ulaya, mahali vilipopitia. Na huko Ujerumani watu wengi walividharau kwanza, hata mwaka 1756 mfalme Friedrich II wa Prussia alitoa amri vilimwe. Leo katika nyumba nyingi za Wajerumani saladi ya viazi na soseji ndicho chakula cha mkesha wa Noeli. Siku hiyo zamani ilikuwa ya kufunga, na watu walikula chakula chepesi wakingojea sherehe. Hivyo chakula cha kujinyima kimekuwa chakula cha furaha.

Namna ya kukipika ni hii. Kwa watu wanne au watano, chukueni kilo moja ya viazi visivyopasuka upesi vikichemka. Vile vya unga sana vyafaa kupondwa, si kazi hii. Vioshwe, vitiwe chunguni pamoja na maganda yake, katika maji baridi yenye chumvi, ndipo viwekwe motoni. Watu wa milimani wasiwe na haraka. Kadiri mtu apandavyo, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mahali penye mita 2,000 huchemka penye digrii 93 hivi, si 100 kama pwani ya bahari. Kwa hiyo viazi vya mlimani hukawia kuiva, wala si kosa la kuni.

Wakati vinapoiva, katakateni kitunguu kimoja kikubwa. Chemsheni kikombe kimoja cha mchuzi wa mifupa. Siku ya Ijumaa, maji yaliyochemshwa na karoti, kitunguu na chumvi yatosha. Ongezeni vijiko vinne vya siki, au maji ya ndimu, na haradali kidogo ikipatikana. Kisha menyeni viazi vingali moto, mkivishika kwa kitambaa, mvikate vipande vyembamba, na mvimwagie mchuzi huo ukiwa moto pamoja na kitunguu.

Sasa funikeni, mngoje kama robo saa. Hapa ndipo penye siri yote. Kiazi cha moto hunywa mchuzi na siki mpaka ndani, lakini kikipoa hakinywi vizuri. Mafuta yatiwe mwisho, vijiko vinne, ya karanga au ya alizeti, kwa sababu yakitangulia hukifunika kiazi, na siki haiingii. Mwenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi huikaanga vipande vidogo, akaitia pamoja na mafuta yake. Asiyekuwa nayo hapotezi kitu kikubwa. Pilipili manga na majani ya kitunguu vyamaliza kazi.

Tulipoanza kutafuta viazi vya kupika, tuliona katika fungu la mlangoni vingine vimepigwa na jua vikawa kijani. Tulimwomba mama avitupe. Rangi hiyo ni onyo kwamba sumu imezidi ndani ya kiazi, na kupika hakuiondoi. Humletea mtu kutapika na maumivu ya tumbo, hasa mtoto mdogo. Viazi vya chakula viwekwe gizani, mahali pakavu, wala visiachwe mlangoni kwa kuwa ni vya nyumbani tu.

Fungu likapungua, na chungu hakikujaa. Mama akasimama kidogo akitazama mafungu yake. Kisha akainama, akatwaa viazi sita katika lile fungu la soko, akavitia majini bila kusema neno.

Watoto walikula kimya. Mdogo wao alipomaliza aliuliza kama chakula hiki ni cha Noeli. Mama akacheka, akamjibu, "Ni viazi vyetu, mwanangu."

Wazazi wapendwa, shule ya watoto lazima ilipwe, na hatumwambii mtu ale mbegu yake wala akiba yake. Lakini mara nyingi mkulima huwapa wageni na wanunuzi vyote vilivyo bora, akawazoeza watoto wake kufikiri kwamba fungu lao ni la mabaki siku zote. Sokoni hakuna atakayeona pengo la viazi sita. Nyumbani watoto wameliona fungu lao likiongezwa. Mshukuruni Mungu aliyeibariki ardhi ya milima, na siku moja moja wekeni mezani mavuno yaliyo mema, yakiwa moto na kupikwa kwa uangalifu, mbele ya wale waliosaidia kuyapalilia.