Pikipiki ya mzee na kosa langu la grinda

Nimepotea siku nyingi, najua. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kazi ya programu. La, nilikuwa nimejaa grisi.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Trans Nzoia, na mwaka 1982 alinunua Honda CG125. Alipofariki ilibaki kwenye stoo ya mahindi, kuku wakitaga juu ya kile kiti chake kirefu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na pesa mkononi, Mama akawafukuza. Nilipomwomba niilete Nairobi niifufue, alikubali bila maneno mengi.

Kwa wasioijua, CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliona pikipiki zao zikifa mapema katika nchi ambazo mtu huendesha mpaka chombo kikatae, ndipo amwite fundi. Basi wakaunda injini ya silinda moja, cc 124, ambayo vali zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo wa ndani unaotaka kukazwa mara kwa mara. Mnyororo wa gurudumu la nyuma wakaufunika kabisa, tope lisiufikie. Wahandisi wale nawavulia kofia: walimchukua mtumiaji alivyo, si kama wangependa awe. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, ndiyo maana bodaboda nyingi mnazopanda ni binamu za pikipiki ya mzee. Kwangu hiyo ni neema. Natembea Kirinyaga Road na karbureta mbovu mkononi, narudi na nyingine kabla ya chakula cha mchana.

Shida ilianza na picha. Niliona pikipiki za mtindo wa kafe resa nikapagawa. Mtindo huu ni wa Uingereza, miaka ya 1950 na 1960. Vijana waliokutana mahali kama Ace Cafe, London, walishusha usukani, wakang'oa kila kisichohitajika na kuweka kiti cha mtu mmoja, wapate kufika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. CG yangu haifiki huko hata ukiisukuma kutoka juu ya Mlima Kenya. Lakini nilitaka ile sura.

Nilianza na umeme. CG za mwanzo zilikuwa za volti 6 na zilitumia pointi, zile ncha mbili zinazogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Nafasi kati yake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na hubadilika kadiri zinavyolika. Nikaamua kuhamia CDI na volti 12, kwa koili na sumaku za bodaboda. Hapo ujuzi wangu ukanidanganya. Kwa mtu wa programu, swichi ikiwashwa umeme unapita na kazi inafanyika. CDI ya aina ile ni kinyume: waya wa kuzimia ukigusa chuma cha fremu, injini inazimika, ukiachwa huru, inaendelea. Mimi nikaupelekea volti 12 za betri. CDI ikafa kimya kimya, bila hata moshi. Ya pili ikaifuata kabla sijakubali kwamba mkosaji ni mimi.

Hilo lilinigharimu pesa tu. Kosa kubwa lilifanyika Kariobangi, kwa fundi wa kuchomelea. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikachora mstari wa chaki nyuma ya fremu. Akaniuliza, "Kijana, una uhakika? Hiki tukikata hakirudi." Mimi ambaye sifuti hata mstari mmoja wa programu bila kuweka nakala, nikamwambia kata. Grinda ilimaliza kwa dakika chache. Kiti kirefu na vikanyagio vya abiria nikaviacha palepale kwenye rundo la vyuma.

Ilipendeza, sitadanganya. Niliiendesha mpaka nyumbani kwa siku mbili, nikalala Nakuru, mgongo ukiuma kwa ule usukani wa chini. Mama aliusikia mlio kabla sijafika langoni. Nilipozima injini alikuwa ameshatoka, amevaa gauni la kanisani na leso mabegani, mkoba mkononi. Akaizunguka pikipiki mara moja.

"Sasa mwanangu, mimi nitakaa wapi?"

Kila Jumapili alikuwa akikaa upande nyuma ya baba, na mimi nikiwa tumboni mwake pia. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Siku ile tulienda kanisani kwa matatu, akanisifu kwa rangi ya tangi, na ule upole wake ulinichoma zaidi.

Niliporudi Kariobangi lile rundo lilikuwa limeshauzwa. Fundi alichomelea mabomba mapya kwa kuangalia picha ya harusi ya binamu yangu, ambayo CG inaonekana pembeni. Kiti kipya kimetengenezwa na mshonaji wa viti vya matatu, na kinafungwa kwa bolti nne. Cha mtu mmoja nimekiweka, siku nikitaka sura nitakirudisha. Mama ameshakipanda mara tatu. Anasema ni kigumu kuliko cha zamani, na kiko juu mno.

Ninachokosa sasa ni vikanyagio vya abiria vya asili, vya CG za wakati ule. Vya bodaboda vinakaa mbele mno. Mwenye navyo stoo, hata vyenye kutu, aniandikie.