Mukuru kwa Njenga na Watumbuizaji wa Meli



Sisi wakaazi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa meli ya watalii ni nini. Ikiingia Kilindini huonekana tangu mbali, imeinuka ghorofa juu ya ghorofa kama mtaa mzima unaoelea, na gatini ngoma za kuwapokea wageni huanza kulia kabla abiria wa kwanza hajakanyaga nchi kavu. Tunajua pia, japo kwa kusikia, kwamba ndani ya meli hizo kila jioni pana burudani: mpiga piano ukumbini, bendi kando ya bwawa la kuogelea, waigizaji jukwaani, mtu wa viinimacho, na wanasarakasi. Tusilolijua sana ni wapi watu hawa hutoka, na nyumbani wameacha nini. Sehemu ya jibu niliikuta mwezi uliopita katika mtaa wa Nairobi ambao hauna hata harufu ya bahari.

Mtaa huo ni Mukuru kwa Njenga. Nilikwenda kumzuru jamaa yetu wa kike, mzaliwa wa Kwale, aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita na mume anayefanya kazi Eneo la Viwanda. Nilipanda gari la moshi asubuhi Miritini, tukaipita Mariakani, Voi na Mtito Andei, na baada ya kilomita zipatazo 480 tukateremka Syokimau. Kutoka hapo ni matatu ya Barabara ya Mombasa hadi Imara Daima, kisha miguu. Upande mmoja zimesimama ghorofa ndefu za Pipeline, nguo zimeanikwa kila dirisha. Upande wa pili yanaanza mapaa ya mabati, yamesongamana hata njia baina ya nyumba na nyumba huwa ya mtu mmoja kupita.

Neno mukuru katika lugha ya Kikuyu lina maana ya bonde au korongo, na kweli mtaa umelala kando ya Mto Ngong. Jirani zake ni Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Wengi wa wakaazi ni vibarua wa viwanda vilivyo karibu, mafundi, wachuuzi na madobi. Ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ina hati za watu wengine, na hapo ndipo chanzo cha misukosuko yake. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliutangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, ili barabara, maji na makaazi vipangwe pamoja na wananchi. Mwaka 2021 matingatinga yakaingia Kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje. Mwaka 2024, mvua za masika zilipozidi, mto ukapanda hadi vitandani mwa watu. Mwenyeji wangu alinionyesha alama ya maji ukutani, juu kidogo ya goti lake, na akaendelea kumimina chai ya tangawizi kana kwamba amenionyesha picha ya harusi.

Ingawa bahari haipo, mambo ya bahari hayako mbali. Karibu na hapo ipo bandari kavu ya Embakasi, ambako makasha yaliyoshushwa Kilindini hufika kwa reli. Na Mto Ngong nao, ulio mweusi kwa taka za viwanda, humwagika katika Mto Nairobi, nao Mto Nairobi humwagika katika Athi. Athi huteremka nyika, huitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho huingia baharini karibu na Malindi. Maji yanayopita nyuma ya nyumba za Mukuru ndiyo yanayofika kwetu. Nilipomweleza hayo mwenyeji wangu alicheka. “Basi dadangu,” akasema, “sisi tunawaletea maji, nanyi mnatuletea makasha. Na vijana wetu wanataka kuyafuata maji.”

Alikuwa na maana ya mwanawe. Alasiri, baada ya sala, tulitoka kumtazama mazoezini. Kiwanja kilikuwa kidogo, cha vumbi, magurudumu chakavu yamefukiwa nusu ardhini yawe ya kurukia. Vijana kama kumi na wawili, wengine hawajabaleghe, walinipa shikamoo mmoja mmoja, kisha wakarudi kazini. Walipanda mabegani pa wenzao, watatu juu ya watano, mmoja juu kabisa, na hapana aliyetikisika. Walipita chini ya ufito ulioshushwa hadi magotini bila kuugusa. Jukwaani ufito huo huwashwa moto. Walirusha vigongo na kuvidaka, wakapanga viti kimoja juu ya kingine na kusimama kichwa chini juu yake. Mwalimu wao, kijana wa miaka thelathini na kitu, hakupaza sauti hata mara moja. Aliyeanguka aliinuliwa na waliokuwa karibu, akarudia.

Mchezo huu umewafikisha mbali watoto wa Nairobi. Tangu mwaka 2001 shirika la Sarakasi Trust limekuwa likiwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini, na ukumbi wake ulioko Ngara zamani ulikuwa sinema ya Shan. Kundi la Black Blues Brothers, la Wakenya watano waliofunzwa huko, limezunguka Ulaya kwa miaka mingi. Lakini kwa wengi darasa la pili baada ya kiwanja cha vumbi huwa kwetu pwani, katika bustani za hoteli za Diani, Nyali na Malindi, ambako wageni hutazama onyesho baada ya chakula cha usiku. Kutoka hoteli, tumaini huwa ni meli.

Njia hiyo, kutoka bustani ya hoteli hadi masikioni mwa dunia, watu wa muziki waliipita zamani. Them Mushrooms walikuwa bendi ya hoteli za pwani walipotoa “Jambo Bwana” mwanzoni mwa miaka ya 1980, utunzi wake Teddy Kalanda Harrison, uliotumia maneno ambayo mgeni huyataka siku ya kwanza: salamu, karibu, usiwe na wasiwasi. Muda si mrefu Boney M wakauimba Ulaya. Hadi leo ni nadra mgeni kuondoka pwani yetu asiusikie.

Pengine msomaji atasema: haya ya kutumbuiza watu majini yametoka Uzunguni. La. Majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija na kaskazi yalikuwa na waimbaji wao. Katika vyombo vya kuzamia lulu alikuwepo nahham, mwimbaji aliyeajiriwa kwa sauti yake, kazi yake kuwapa mabaharia nguvu ya kuvuta kamba na tanga na kuwaliwaza usiku. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kikuwaiti la nahodha Ali Al-Najdi kutoka Aden, akafika nalo hadi mwambao wetu, na kitabu alichokiandika kimejaa habari za ngoma na nyimbo za mabaharia hao. Mtumbuizaji chomboni ni mtu wa kale katika bahari yetu, na hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Ipo habari nyingine ambayo niliwasimulia vijana wale walipoketi kupumzika. Agosti 1991 meli ya Kigiriki iitwayo Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, kuelekea Durban katika dhoruba kali. Maji yakaingia chumba cha mitambo, taa zikazimika. Baadhi ya mabaharia na wakubwa wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia mashuani, bila ya abiria kuambiwa ukweli wa mambo. Waliobaki kuwatuliza watu ukumbini kwa gitaa na nyimbo walikuwa watumbuizaji. Mpiga gitaa Moss Hills alipokwenda chumba cha usukani hakukuta mtu. Akashika redio, ambayo hakuwa amefunzwa kuitumia, akaita msaada hadi akapata jibu. Yeye, mkewe Tracy, Julian Butler aliyekuwa mtu wa viinimacho, na wenzao wakashirikiana kuwashusha abiria mashuani, na asubuhi wakawafunga kamba za helikopta mmoja baada ya mwingine. Meli ilizama mchana wa tarehe 4. Watu zaidi ya 570 waliokuwamo, wote waliokolewa.

Kijana mmoja akaniuliza, “Mama, na hao waimbaji walilipwa kwa kazi hiyo?” Nilimjibu kwamba wao walikuwa wamelipwa kwa nyimbo tu. Akanyamaza, kisha akasema kuwa hata wao wakijenga mnara, wa chini haondoki mpaka wa juu ashuke.

Hapo ndipo inapopasa sisi wazazi tuwe macho, kwani mtu mwaminifu kama huyo ndiye rahisi kudanganywa. Usiku ule mwenyeji wangu alinitolea karatasi. Wakala mmoja alikuwa amewaahidi vijana wanne mkataba wa miezi minane katika meli ya watalii, kwa sharti kila mmoja atoe kwanza “ada ya nafasi”. Fedha hazikuwepo. Kilichokuwepo ni cherehani, ambayo mwenyeji wangu huitumia kushonea sare za shule, na ndiyo iliyowavusha baada ya mafuriko. Mteja wa kuinunua alikuwa amekwisha kupatikana, na alikuwa aje Jumamosi.

Dada zangu, lishikeni neno hili, kwa maana linawahusu wa Likoni na Kisauni sawa na wa Mukuru. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kujilipia ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati ya safari ya namna hiyo. Viza ni juu ya mwenye meli. Unampa haki ya mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, mkataba wa maandishi, na kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli. Na kwa jumla baharia katika mkataba huo ni kila mwenye kuajiriwa kufanya kazi melini, kwa cheo chochote, si mshika usukani peke yake. Kwa hiyo mwanasarakasi naye asikubali kuambiwa kwamba yeye ni mgeni tu. Wakala anapaswa kuwa na leseni, na wa kuulizwa ni Kenya Maritime Authority, ambao ofisi yao iko hapa hapa Mombasa. Mtu wa Mukuru akiwa mbali, jamaa yake wa pwani anaweza kumwendea kuuliza. Huo nao ni udugu.

Yapo na maswali ambayo sheria haiyajibu. Melini kuna pombe, kuna mavazi tusiyoyaridhia, na kuna kukaa miezi mbali na mzazi. Suala la muziki wanazuoni wamelizungumza kwa upana, na kila familia imwendee mwalimu wake. Mimi, katika burudani zote za jukwaani, naipenda sarakasi kuliko nyingine: haina maneno ya kumfedhehesha mtu, huweza kuchezwa kwa vazi la heshima, na babu na mjukuu huitazama pamoja bila mmoja kugeuza uso. Lakini kupenda kwangu si fatwa. Lililo wazi ni kwamba kijana akienda, aende akijua atasali wapi, atakula nini, atampigia nani simu akiumia, na mkataba wake ameusoma pamoja na wazazi kabla ya kutia sahihi. Mwili wa mwanasarakasi ndio mtaji wake. Goti likivunjika, je, ni nani atakayemtibu? Swali hilo liulizwe nyumbani, lisingoje kuulizwa Marseille.

Tulizungumza hayo mpaka usiku mkubwa, mume wake akiwa naye amekaa, kijana akisikiliza. Hakukataa kwa hasira. Alisema ataomba kuiona leseni ya wakala, na akipewa sababu badala ya leseni atarudi hoteli za Diani kwa msimu mwingine. Mamake alisimama, akaifunika cherehani kwa kanga, akasema, “Jumamosi mtu huyo akija, atakunywa chai na kwenda zake.”

Asubuhi nilisindikizwa hadi Imara Daima kwa njia inayokipita kile kiwanja. Ilikuwa mapema, bado hakuna mtu, ila watoto wawili wa chuoni, juzuu zao kwapani, wakijaribu kusimama kwa mikono kabla ya kuingia darasani. Mmoja aliweza kwa muda wa kuhesabu tano.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wa mwambao na wa bara, walio nchi kavu na walio baharini, awape riziki ya halali na wenye kuwalipa kwa haki, na awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.