Shokomzoba ya Baiskeli Yangu

Msomaji, ukisimama Iten ukauelekeza uso mashariki, nchi hukatika ghafla mbele ya miguu yako. Mji uko yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Kerio limelala zaidi ya mita 1,000 chini yako, na barabara ya lami iendayo Kabarnet hulishukia kwa kujipindapinda kupitia Tambach. Lakini ziko pia njia za watu na mbuzi, zenye mawe, mizizi na vumbi, na katika mojawapo ya hizo nilianguka na baiskeli nikavunjika mtulinga. Kwa muda wa wiki sita niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wangu, kwa adabu yao, wakajifanya kuwa wanasoma.

Baiskeli yenyewe si kama ile Black Mamba ya marehemu baba, iliyobeba magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa na bibi harusi mmoja, na ambayo springi zake zote zilikuwa chini ya tandiko. Yangu ni ya milimani, nayo niliinunua Eldoret ikiwa imekwisha kutumika. Fremu yake ni sehemu mbili zilizounganishwa kwa viungo, hata gurudumu la nyuma likigonga jiwe hupanda peke yake bila kumrusha mpandaji. Kiungo kinachoishika sehemu ya nyuma isilale chini ni shokomzoba moja, isiyozidi urefu wa muhindi wa kuchoma.

Ndani yake mna hewa na mafuta. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo springi, na jambo hilo si geni: Dunlop, daktari wa mifugo wa mji wa Belfast, aliivika baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu mipira yenye hewa, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1888. Walakini hewa peke yake ni kama mpira wa miguu. Kishindo ulichoipa hukurudishia. Kwa hiyo yamewekwa mafuta, na pistoni huyalazimisha kupenya katika vitundu vidogo. Mafuta hukawiza kurudi kwa springi, na nguvu ya kishindo hugeuka kuwa joto. Likumbuke sana joto hilo.

Baiskeli yangu ilikuwa njema juu ya mlima, lakini tulipofika katikati ya mteremko ilianza kurukaruka kama mwanambuzi. Nililaumu mawe. Siku niliyoanguka, gurudumu la nyuma liligonga ngazi ya jiwe likarushwa juu, nami nikapita juu ya usukani.

Fundi alilikandamiza tandiko kwa mikono miwili, akaliachia. Likapanda mara moja kama kizibo kilichoachiwa chini ya maji.

"Mwalimu," akasema, "mafuta yamechanganyika na gesi. Hapa ulikuwa umepanda povu."

Akanieleza kuwa shokomzoba ile ilikuwa na mafuta machache, na kwa mteremko mrefu kama wetu yalipata moto yakawa mepesi. Tena mipira ya ndani ya kuzuia kuvuja ilikuwa imechakaa. Njia zilikuwa mbili: kubadili mipira hiyo kwa fedha kidogo, au kununua shokomzoba mpya yenye kichupa cha pembeni, ambacho huongeza mafuta na kuchelewesha joto. Sikufichi, msomaji: ile ya kwanza ingetosha. Nikachagua ya pili. Nilitoa shilingi 38,000 katika kopo la akiba ya tangi la maji, na mke wangu nikamwambia ni 15,000.

Kabla ya kuagiza nilipima ile kuukuu kwa rula ya shule, kutoka bolti hata bolti, nikapata milimita 190. Sikujua kuwa hewa yake ilikuwa imepenya upande usio wake ikaivuta chini, na kwamba urefu wake halisi ulikuwa 200. Mpya ikafika baada ya mwezi mmoja. Ikaingia bila shida, maana viungo vya fremu huchezacheza. Baiskeli ikainama kidogo tu, nami nikaona imependeza.

Fundi alikataa kuniachia. Akaitoa hewa yote, akaniambia niketi. Tairi ikakwaruza fremu.

Hesabu yake ni hii. Ile ya asili ina milimita 200, na mwendo wa pistoni ni 57. Ikibanwa yote hubaki 143. Niliyoileta ilikuwa 190 kwa 51. Ikibanwa hubaki 139. Tofauti ni milimita 4. Lakini gurudumu langu husafiri milimita 140 kwa zile 57, yaani takriban mara mbili na nusu. Basi milimita 4 za shokomzoba ni 10 za gurudumu, na nafasi hiyo fremu yangu haikuwa nayo. Kwa kasi ya mteremko, kwenye shimo la kwanza, tairi ingeshikwa ikasimama. Nami, msomaji, hufundisha hisabati.

Niliiuza kwa 26,000, nikaongeza fedha za kopo nikanunua ya kipimo chake. Risiti niliificha katika kitabu cha aljebra, mahali ambapo nilidhani hapana mtu nyumbani angefungua.

"Mwalimu," mke wangu akaniuliza tukiwa mezani, "15 na 38 huwa sawa katika kitabu gani?"

Hakupaza sauti. Akaandika deni langu lote kwenye kalenda ya ukutani, karibu na mlango, ambapo wageni huliona.

Safari hii sikuharakisha. Hewa ya shokomzoba hutiwa kwa bomba lake maalumu lenye saa ya kipimo. Bomba la tairi haliwezi. Niliketi nikiwa na mkoba na maji yangu, maana uzito wa safari ndio uzito wa kweli, nikatia na kupunguza hewa hata pete ndogo ya mpira iliyo kwenye nguzo ikasogea milimita 16 kati ya 57. Kisha nikakigeuza kirungu cha kurudi, tiki baada ya tiki, nikishuka ukingo wa baraza ya shule, hata tandiko likawa linashuka na kupanda mara moja, bila kudunda.

Mwezi wa Desemba nilirudi kwenye njia ile. Katikati ya mteremko nilisimama nikaigusa shokomzoba kwa kiganja: ilikuwa na joto la kikombe cha chai. Ile ngazi ya jiwe niliipita moyo ukidunda; baiskeli haikudunda. Bondeni niliitazama pete. Ilikuwa kwenye 52.

Kwenye kalenda bado ninadaiwa shilingi 6,500. Usiku wa jana mvua ilipiga mabati hadi alfajiri, na maji yote yakateremkia shambani kwa jirani.