Baridi ya The Lodge Naijua

Jana usiku nimerudia The Lodge, ile filamu ya 2019 ya Veronika Franz na Severin Fiala. Stima ilikuwa imepotea, nikaimalizia kwa simu, blanketi hadi shingoni. Theluji sijawahi kuiona, lakini wasee, baridi ya ile nyumba naijua.

Kama hujaiona, naharibu stori kidogo. Grace ameachwa na watoto wawili wa mpenzi wake kwa nyumba iko mbali na watu, nje theluji tupu. Asubuhi moja wanaamka: nguo hakuna, chakula hakuna, dawa zake hakuna, hata mbwa wake hayuko. Halafu pole pole anaanza kuambiwa kwamba wote walishakufa. Hakuna jini, hakuna zimwi. Ni maneno tu, yanarudiwa hadi anaamini.

Hapo nikasimamisha filamu.

Nilipoacha chuo, nyumbani hakuna aliyenipigia kelele. Mathe alisema tu, "Sawa." Wageni wakija, anataja kazi ya kaka yangu, masomo ya dada yangu, kisha anauliza nani ataongezewa chai. Miezi ikapita hivyo, hadi nikawa naosha kikombe changu pole pole kisitoe sauti.

Wale watoto walijua wanachofanya. Mathe, nadhani, hakujua. Na mimi pia sikuwahi kumwambia. Leo jioni nampigia.

Na kwenu je, wageni wakija, ni nani hatajwi?