Mji wa tuba ulioanza na mdomo uliopasuka

Kilomita zipatazo 160 mashariki mwa Chicago, treni husimama Elkhart, mji wa jimbo la Indiana wenye watu zaidi ya 50,000. Mto Elkhart unaingia kwenye Mto St. Joseph karibu kabisa na katikati ya mji, na mito inapokutana kuna kisiwa kidogo ambacho siku hizi ni bustani ya familia. Watoto huvuka vidaraja vya waenda kwa miguu, wazazi hukaa kwenye nyasi. Hakuna kitu hapo kinachomwambia mgeni kwamba, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya matarumbeta ya bendi za shule za Marekani ilitoka kwenye viwanda vya mji huu.

Leo Elkhart inajulikana zaidi kwa zile nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani huzifunga nyuma ya gari wanapokwenda likizo. Lakini kwa wanaokusanya ala za kale, jina la mji huu bado lina uzito, hasa likiwa limechongwa kwenye kipulizio cha tuba, yaani kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji anakibandika midomoni.

Yote yalianza na jeraha. Charles Gerard Conn alikuwa askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwenye duka la vyakula na mikate, ambaye jioni alikuwa akipiga korneti kwenye bendi ya mji. Simulizi zinatofautiana kidogo, ila inayorudiwa sana ni kwamba aliingia kwenye ugomvi, akapigwa ngumi, mdomo ukapasuka. Kidonda kilimzuia kupiga. Badala ya kuiweka korneti kabatini, aligandisha mpira kwenye ukingo wa kipulizio ili chuma kisiguse kidonda. Wenzake wakataka na wao. Inasemekana aligeuza cherehani ya zamani kuwa mashine ya kukerezea, akaanza kuviuza, na mwaka 1875 akapata hataza ya ubunifu huo.

Kutoka hapo kilikuja kiwanda kamili cha ala. Kiliungua mwaka 1883, kikajengwa upya, kikaungua tena mwaka 1910, kikajengwa tena. Conn mwenyewe alikuwa meya wa Elkhart, akaenda hadi bungeni Washington, na gazeti la mji alilianzisha yeye. Mafundi wake nao walitoka wakafungua viwanda vyao, akiwamo Buescher, ambaye jina lake hukutana nalo kila anayefukua ala za kale.

Jina ambalo wapiga tuba hulitafuta zaidi, hata hivyo, ni Helleberg. August Helleberg alizaliwa Denmark, akahamia Marekani na kupiga tuba kwenye bendi ya John Philip Sousa. Kipulizio chenye jina lake kina kikombe kirefu kinachoteremka kama faneli, na ukingo mwembamba. Sauti yake ni nzito na ya giza, inajaza ukumbi bila kupiga kelele. Conn ilikitengeneza kwa miongo mingi na hadi leo kipo kwa matoleo mawili yanayojulikana, 120S na 7B, la pili likiwa na kikombe chembamba kidogo.

Hapo ndipo mnunuzi wa kwanza anapojikwaa. Helleberg limekuwa jina la umbo, si la kiwanda peke yake. Watengenezaji wengine wengi huliandika kwenye vipulizio vyao, kwa hiyo neno hilo pekee halithibitishi kwamba kitu ni cha zamani, wala kwamba kimetoka Elkhart. Tazama jina la kiwanda, tazama namba, kisha tazama umbo la ndani. Kikiandikwa Helleberg lakini ndani ni bakuli la mviringo badala ya faneli, kuna swali la kumuuliza muuzaji.

Kuna pia mtego wa majina ya miji. Katika jimbo la Wisconsin upo mji unaoitwa Elkhorn, ambako kampuni ya Holton ilihamia kutoka Chicago mwaka 1918. Ala za Holton zina chapa ya Elkhorn, na mtu anayesoma harakaharaka huona Elkhart. Ni herufi mbili tu zinazotofautiana, lakini ni kiwanda kingine kabisa.

Chapa ya mji husaidia zaidi kwa vipulizio vya Vincent Bach. Huyu alikuwa mhandisi na mpiga tarumbeta kutoka Austria. Fundi mmoja alimharibia kipulizio alichokipenda, na mwaka 1918, akiwa New York, akaanza kujitengenezea mwenyewe. (Ni ajabu jinsi kazi hii ilivyojaa watu walioanza kwa kukasirika.) Baadaye kiwanda chake kilikuwa Mount Vernon, karibu na New York, kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1961 kampuni iliuzwa kwa Selmer ya Elkhart, na miaka michache baadaye kazi ikahamia huko. Hivyo kipulizio kilichochongwa Mt. Vernon ni cha kabla ya kuhama, na wakusanyaji hukilipia zaidi. Kwa mtoto anayejifunza, maneno hayo hayaongezi hata noti moja.

Kulinganisha vipulizio viwili ni kazi nyingine. Namba hazisaidii sana, kwa sababu kila kiwanda kina hesabu yake. Kwa Bach, namba kubwa humaanisha kikombe chembamba: 24AW, inayoonekana sana mashuleni, ina upana wa milimita 31 hivi, wakati 18 inazidi 32. Herufi W huonyesha ukingo mpana. Hata mwenye kipimo cha kalipa hupata shida, kwani ukingo unapinda taratibu kuingia kwenye kikombe na hakuna mstari unaosema upana uanzie wapi. Watu wawili wakipima kipulizio kimoja wanaweza kupata majibu mawili, na wote wasiwe wamekosea.

Koo, lile tundu jembamba chini ya kikombe, ni rahisi zaidi. Fundi huingiza taratibu upande laini wa keekee, usio na makali, kisha husoma ukubwa wa ile iliyotosha bila kulazimishwa. Mkia nao hupimwa kwenye tuba yenyewe: uingie karibu sentimita mbili na nusu, ushike, usicheze. Vipimo vya mkia vya Marekani na vya Ulaya havilingani. Tuba za Kijerumani, za aina ambayo baadhi ya makanisa ya Kilutheri Tanzania yanaijua tangu enzi za wamisionari, mara nyingi huhitaji mkia mnene wa Ulaya. Kipulizio cha Elkhart kikiingizwa humo hupwaya, huzama kuliko inavyotakiwa, na sauti hutoka nje ya mstari hata mtoto ajitahidi vipi. Anagombezwa hana sikio, kumbe tatizo ni chuma.

Kwa mzazi, lakini, jambo la kwanza kutazama lisiwe chapa wala mkia. Liwe ukingo.

Vipulizio vingi ni vya shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, vilivyochovywa fedha. Kwenye cha miaka 60 au 80 fedha huwa imelika, hasa pale midomo inapokaa. Ukiona doa la rangi ya njano kwenye ukingo, au mtoto akirudi na rangi ya kijani midomoni, shaba iko wazi. Baadhi ya shaba ya njano huchanganywa na madini ya risasi ili ikerezeke kwa urahisi, na si kitu cha kumbandikia mtoto mdomoni kila siku. Wapo pia wenye mzio wa nikeli: midomo huwasha, hukauka na kupasuka, na nyumbani hudhaniwa ni baridi au upungufu wa maji. Suluhisho lipo: kuchovya upya kwa fundi anayejua, au kununua kipya cha kawaida na kile cha kale kikabaki kwenye rafu.

Usafi nao si mapambo. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mpiga trombone aliyekohoa kwa takriban miaka 15. Ndani ya ala yake walikuta ukungu na bakteria, na alipoanza kuisafisha mara kwa mara kikohozi kikaisha. Kipulizio kilichokaa miaka kwenye boksi la mtu kioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi ndogo hadi kwenye koo, kisha kikaushwe. Stilwaya isiguse, inakwangua fedha iliyobaki. Na kila mtoto awe na chake, hata kama tuba ni moja ya kikundi kizima.

Elkhart, kwa namna yake, inayajua mambo ya afya pia. Nyumba ya kifahari ya Ruthmere, iliyojengwa mwaka 1910 na leo ni makumbusho, ilikuwa ya Albert Beardsley wa kampuni ya dawa ya Miles, iliyoanzia mjini hapo na ndiyo iliyoleta Alka-Seltzer mwaka 1931. Kidonge cha kiungulia na kipulizio chenye mpira vimetoka mji mmoja.

Kabla ya kulipa, mzazi amwombe muuzaji siku chache za kujaribu. Mtoto apige kwa dakika 20, apumzike. Alama ya duara midomoni ni ya kawaida na hufutika baada ya muda mfupi. Ikiwa bado inaonekana asubuhi, au midomo imevimba, kipulizio kirudishwe, hata kiwe kimechongwa jina la nani.